Chupa za Kisima cha Nne

Barua ya jarida iliingia kwenye simu ya Wakonyo Jumatatu asubuhi, akiwa jikoni kwake Kimbo, mtaa wa Ruiru, anamkorogea mamake uji. Aliisoma kwa jicho moja, jicho la pili likiwa kwenye sufuria, na alipofika mahali palipoandikwa kwamba makala yake ilihitaji marekebisho madogo tu, aliusahau uji ukafurika na kuzima moto wa gesi.

“Opiyo! Opiyo, kuja haraka!”

Mumewe alitoka bafuni na povu la sabuni shingoni, akidhani mama mkwe amezidiwa. Alisomewa barua yote akiwa amesimama hivyo hivyo, maji yakimtiririka kwenye sakafu aliyoipiga deki yeye mwenyewe.

“Kwa hivyo imepita?”

“Karibu. Reviewer wa kwanza amelalamika tu juu ya koma na references. Wa pili ako na swali moja. Nikijibu kufikia Friday, editor anasema ataikubali.”

“Miaka mbili, swali moja?”

“Anataka kujua maji ilikuwa na kina gani kwa kisima cha nne na cha tano, zile wiki tisa za kiangazi.” Wakonyo alicheka. “Na mwenye jibu amelala hapo kwa sofa.”

Mwenye jibu alikuwa Rachael, mamake Wakonyo, mjane kutoka kijiji cha Gatuanyaga, aliyekuwa amejikunja chini ya blanketi la maua akipumua kwa sauti. Saratani ya koo ilikuwa imemfanya mwepesi kiasi kwamba Wakonyo alimbeba peke yake kwenda chooni. Mwezi wa nane daktari alikuwa amesema ni suala la miezi, wala si miaka, na tangu siku hiyo nyumba nzima ilikuwa inahesabu kwenda Desemba bila mtu kutamka neno hilo. Siku ya mahafali ilikuwa Desemba. Gauni la kitenge cha zambarau ambalo Rachael angevaa siku hiyo lilikuwa limeshonwa tayari, linaning'inia nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, na fundi alilipunguza mara mbili kwa sababu mwenyewe alikuwa anapungua.

Chuo kilikuwa na sheria yake. Hakuna shahada ya uzamili bila makala iliyokubaliwa na jarida, na orodha ya watakaohitimu ingefungwa Ijumaa ileile. Wakonyo alikuwa ameihangaikia makala hiyo miezi minne. Alipanga marejeleo upya mara tatu kwa sababu kila jarida lina madaha yake, akatia namba kila mstari, akarudishiwa ramani ya visima mpaka mistari yake ilipokolea. Jioni alikuwa akiyasoma maneno hayo ya Kiingereza kwa sauti, na Rachael, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye nyimbo za kanisa, alikuwa akimwambia, “Soma tena hapo pa visima.”

Maana visima vilikuwa vyake. Wakonyo alikuwa na kazi ya maabara na mimba ya mtoto ambaye hakukaa. Hangeweza kwenda Gatuanyaga kila wiki. Basi kila Jumatatu kwa mwaka mzima Rachael alizunguka visima sita vya majirani na chupa kwenye kikapu, akampa Kiama wa pikipiki azifikishe Thika, na Wakonyo akazichukua hapo kuzipeleka maabara. Alichokuwa anapima ni naitreti, ile chumvi ya mbolea na vyoo inayozama ardhini, haionekani wala haina ladha, lakini humkaba mtoto mchanga anayenyweshwa maji yake. Na jambo lililowafurahisha wahakiki ni hili: wakati wa kiangazi, katika kisima cha nne na cha tano, naitreti ilishuka mpaka karibu na sufuri. Hakuna aliyewahi kuandika hivyo. Ndio uliokuwa moyo wa makala.

*

Rachael aliamka saa sita. Opiyo alikuwa ameshajiondoa sebuleni, kama alivyofanya kila mama mkwe alipofungua macho. Kwao mkwe haketi na mama mkwe ovyo ovyo, na tangu Rachael aletwe Kimbo mwanamume huyo alikuwa anakula amesimama jikoni kama askari wa zamu.

“Muthoni ameenda kujificha?” Rachael aliuliza, akimwita mkwe wake kwa Kikuyu.

“Ako jikoni. Mum, jarida wamejibu. Wanaipenda.”

Rachael alifumba macho, midomo ikacheza. Alikuwa anaomba. Alipomaliza alisema, “Na gauni imeshonwa.”

“Wanataka kitu kidogo tu. Zile wiki za kiangazi, kwa kina Makau na kwa Mwendwa, maji ilikuwa imebaki ngapi? Ile kamba ya mafundo ya kupimia kina ilikuwa inasoma nini? Kwa kitabu hukuandika.”

“Ningeandika nini na kisima kilikuwa kimekauka?”

Wakonyo alikuwa ameshika kijiko cha uji. Alikirudisha kwenye kikombe polepole.

“Kilikauka aje?”

“Kukauka ni kukauka. Cha Mwendwa kilikuwa vumbi. Cha kina Makau, ukienda mapema sana unapata jagi moja, kama kimeamka vizuri. Na hiyo jagi ni ya Jackie, yule bibi ya kijana wa Makau, ako na mtoto mdogo. Ningemnyang'anya mtoto maji juu ya masters?”

“Lakini chupa zilikuja, Mum. Kila wiki. Zikiwa zimejaa.”

“Eeh.” Rachael alitabasamu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukafanana na uso wake wa zamani. “Nilikuwa najaza kwa tanki yangu. Ile ya mvua. Ilikuwa imebaki kidogo huko chini, nikawa naacha chai ya saa kumi, nakunywa tu ya asubuhi, ndio ya chupa zako isiishe. Wiki tisa, hakuna siku Kiama alikuja akakosa.”

“Mum. Kwa nini hukuniambia?”

“Nikuambie nini? Wewe umenitumia chupa, mimi nikurudishie tupu? Ngai! Wakonyo, kwani ni nani alikufunza kurudisha chombo cha mtu kitupu?”

Hakuna aliyemfunza. Alilelewa katika boma ambamo sahani iliyokuja na maharagwe ilirudi na mayai mawili au hata chumvi, maadamu irudi na kitu. Alikuwa amemfundisha mamake kusuuza chupa mara tatu, kuijaza mpaka shingoni, kuandika namba ya kisima kwa kalamu isiyofutika. Hakumwambia kwamba chupa tupu nayo ni jibu. Alimaliza kumlisha uji, vijiko vinne ndivyo vilivyopita, kisha akaingia chooni, akafungua bomba ili asisikike, akalia.

*

“Andika mita moja,” Opiyo alisema. Walikuwa nje, kwenye kamba za nguo, jua likiwa linashuka nyuma ya maghorofa. “Mita moja na nusu kwa huyo Mwendwa. Kwisha.”

“Hapakuwa na maji, Opiyo.”

“Nani atakuja kutoka Ulaya kuchungulia kisima ya Makau? Nani?”

“Makala inasema ile maji ni safi wakati wa kiangazi. Imesema hata watoto wanaweza kupewa. Mimi ndio niliandika hiyo sentensi. Na hiyo jagi moja inayobaki hapo chini ndio chafu kuliko zote, kwa sababu mbolea yote imebaki kwa maji kidogo. Jackie anakorogea mtoto uji nayo.”

“Sasa mpigie Jackie simu umwambie aache. Halafu jibu swali ya mzungu.” Opiyo alishusha sauti. “Mimi si mwizi, unanijua. Lakini huyo mama ako na siku ngapi? Anangoja kitu moja tu hapa duniani. Unataka aondoke bila?”

Jibu alilokuwa nalo Wakonyo lilikuwa la kisayansi, na halikufaa kusemwa mbele ya nguo za mgonjwa zilizoanikwa. Usiku huo na kesho yake alijaribu njia ya halali: aliziondoa zile wiki tisa, akakokotoa upya. Kilichobaki ni kwamba maji ya visima vifupi karibu na mashamba yana naitreti, jambo ambalo kila mtu alikwisha kuliandika, wengine kabla yeye hajazaliwa.

Jumatano alikwenda chuoni, upande wa Kahawa Wendani, kumwona Dakta Khisa, msimamizi wake. Khisa hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na tabia ya kuzungumza na watu mlango ukiwa wazi, na kwenye benchi la nje wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza walikuwa wanangoja sahihi.

“Field work ulimwachia nani?”

“Mamangu, Daktari.”

“Mamako amesomea?”

“Ni mkulima.”

“Na kisima kikikauka, ulimwambia afanye nini?”

“Sikumwambia.”

Mmoja wa wale wanafunzi aliguna, mwenzake akamkanyaga mguu. Khisa alivua miwani, akaipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. “Basi tuiondoe,” alisema mwishowe. “Utaanza upya kiangazi kijacho. Uende mwenyewe.” Halafu, kwa sauti ya chini, mlango bado ukiwa wazi: “Pole sana, Wakonyo.”

Alimwandikia mhariri palepale, kwenye benchi, akiwa katikati ya wale vijana ambao sasa walikuwa wanatazama viatu vyao. Aliandika kwamba sampuli kumi na nane hazikutoka visimani, kwamba kosa ni lake, na kwamba anaiondoa makala. Mhariri huyo, aliyezoea kukaa miezi bila kujibu, alijibu kabla ya saa moja kwisha, akamshukuru kwa uaminifu wake. Ghorofa ya chini, karani wa ofisi ya shahada alichukua rula, akaiweka kwenye orodha, akalipiga jina lake mstari ulionyooka. “Next year, madam,” alisema bila ubaya wowote.

Alipofika nyumbani Rachael alikuwa ameketi, ameinuliwa na mito mitatu.

“Umewajibu?”

“Nimewajibu.”

“Wakasema?”

Wakonyo alimtazama. Alikuwa amepanga kusema ukweli, tangu Wendani alikuwa anaupanga, neno kwa neno.

“Wamekubali, Mum.”

*

Katikati ya Oktoba uji uliacha kupita. Rachael aliloweshwa midomo kwa pamba, na siku moja alisema, bila huzuni, kama mtu anayetaja bei ya viazi, kwamba Desemba ni mbali.

Jumamosi iliyofuata Wakonyo alikwenda Wendani, kwenye studio ya picha inayokodisha majoho kwa wanafunzi, akalipa elfu mbili na kuacha kitambulisho chake rehani. Alirudi na joho jeusi, kofia yake, na karatasi nyeupe iliyofungwa kwa utepe mwekundu. Opiyo alimkuta chumbani analipiga pasi.

“Kwa mzungu hujawahi hata kumwona ulikataa kuandika namba mbili,” alisema. “Leo mamako mwenyewe unataka kumdanganya?”

“Alinijazia chupa mwaka mzima, Opiyo. Akanyima mwili wake chai. Mimi nimrudishie nini?”

Opiyo alimtazama, kisha akachukua pasi mkononi mwake, akamalizia mikono ya joho yeye mwenyewe.

Walimvika Rachael kitenge cha zambarau, wakakikaza nyuma kwa pini kwa sababu fundi hangeweza tena kukipunguza. Wakonyo alitokea chumbani akiwa na joho na kofia, akasimama katikati ya sebule kama mtoto aliyeambiwa aimbe mbele ya wageni. Alieleza kwamba siku hizi vyuo vinafanya kwa mtandao, majina yanasomwa tu kwa kompyuta, na lake limesomwa asubuhi.

“Hata makofi hakuna?” Rachael aliuliza.

“Hakuna, Mum. Ni hivyo tu.”

“Hiyo ni ujinga. Mtoto wa mtu asome hivyo na asipigiwe makofi?” Alivuta pumzi, akalifungua lile koo lililokuwa limemaliza kazi, akapiga vigelegele. Havikutoka. Kilichotoka ni pumzi tu, lakini walivihesabu, vitano, hesabu ya kumpokea mtoto wa kiume. Wa kike hupigiwa vichache kuliko hivyo. Opiyo aligeukia dirisha.

“Muthoni, leo huendi jikoni. Kuja kwa picha.”

“Mama, mimi nitapiga tu.”

“Kuja.”

Akaisimamisha simu juu ya friji, akaja, akachuchumaa mwisho wa sofa, mbali kadiri heshima ilivyotaka na karibu kadiri picha ilivyoruhusu. Rachael alishika pindo la joho, akalipapasa kama anavyopapasa kitambaa mtu anayejua kitambaa. Upande wa ndani palikuwa na kipande cheupe kilichoshonewa, kimeandikwa kwa wino jina la studio na namba kumi na nne. Alikitazama. Wakonyo hakumwona, alikuwa anairekebisha kofia. Rachael alikikunja kile kipande kwa ndani kisionekane, akaweka mkono wake juu yake, akatazama simu na kutabasamu.

Alifariki Alhamisi.

*

Picha hiyo ndiyo iliyowekwa nyuma ya karatasi ya ratiba ya mazishi. Wakonyo hakuichagua. Ilichaguliwa na kamati ya kanisa, na chini yake waliandika: Mama akiwa na binti yake siku ya kuhitimu. Zilichapishwa karatasi mia tatu huko Thika, na Gatuanyaga nzima ilizibeba, ikajipepea nazo, ikajikinga jua nazo. Mchungaji alimwita msomi wetu. Akina mama waliompa pole walimpa na hongera, mara moja, kwa mkono mmoja.

Jackie alimfikia mwisho, mtoto amelala mgongoni, naye Wakonyo hakuwa bado amempigia ile simu. “Auntie, si sasa research imeisha? Ilisema maji yetu iko sawa?”

Wakonyo alitazama wale wanawake waliokuwa wanasikiliza. Alikuwa na ile karatasi mkononi.

“Haijaisha, Jackie. Usimpe mtoto hiyo maji. Hata ukiichemsha, hiyo chumvi haitoki. Mpe ya tanki.”

“Lakini si ulimaliza? Si hii ni gown?”

“Sijamaliza.”

Mmoja wa wale wanawake aliitazama picha tena, akamtazama Wakonyo, kisha akaikunja karatasi yake mara mbili na kuitia kwenye mkoba.

*

Kiangazi kilirudi Februari. Sasa Jumatatu ilikuwa siku ya Wakonyo. Maabara walimkata siku hiyo kwenye mshahara, naye alikuwa akishuka Thika na kubebwa na Kiama kwenye vumbi lile mpaka Gatuanyaga, kikapu cha mamake magotini. Kiama hakuwa anamtoza kwa kwenda, alimtoza kwa kurudi tu, na hakueleza kwa nini.

Wiki ya tatu, kisima cha nne kilikauka. Alishusha ndoo, kamba ikaisha, ndoo ikagonga kitu kigumu. Aliivuta. Ilikuwa na majani mawili na vumbi.

Jackie alimwona kutoka jikoni kwake, akaja mbio na jagi ya plastiki mkononi, maji yakimwagikia vidole. “Auntie, weka hii. Ni ya bowser, ile lori ya maji, ni safi. Utarudi aje hadi Ruiru na chupa tupu? Hata marehemu hangekubali.”

Wakonyo alicheka, na kicheko kikageuka njiani. Jackie aliweka jagi chini, akamshika bega, wakasimama hivyo kando ya kisima mpaka kilio kikaisha chenyewe.

“Asante, Jackie. Rudisha kwa mtoto.”

Aliifunika chupa tupu kwa kifuniko chake. Kwa kalamu isiyofutika aliandika namba ya kisima, tarehe, na neno moja: kikavu. Aliliandika likasomeka.

Njia ya kurudi barabarani ilipita kando ya boma la mamake. Kaburi lilikuwa pale kando ya tanki la mvua, udongo bado mwekundu, msalaba bado wa mbao. Mita chache kabla ya kulifikia Wakonyo alisimama. Akaitoa ile chupa tupu kikapuni, akaitia ndani ya leso aliyojifunga, akaifunga fundo kiunoni ili isionekane, kisha akapita mbele ya mamake akiwa ameinamisha uso.